Kila kisiwa na bundi wake, kila bundi na mlio wake

Kila panapozuka mjadala wa kufyeka kipande cha msitu, hatakosekana wa kusema: "Lakini ndege hao wapo na kwingine." Nimeisikia hoja hii kwa wanasiasa, kwa wafanyabiashara, na hata kwa watu wanaopenda mazingira kwa dhati. Inasikika kuwa ya busara. Mimi naipinga, kwa sababu imejengwa juu ya macho peke yake. Mtu amefungua kitabu cha ndege, ameona picha ya bundi mdogo wa rangi ya gome la mti, amegeuza ukurasa akaona mwingine anayefanana naye, akafunga kitabu akiamini kwamba mmoja akitoweka mwenzake atashika nafasi yake. Laiti angewasikia.

Bundi ninaowazungumzia ni wale wadogo wa jenasi ya Otus. Mchana hujibanza kwenye shina, macho yamefumba nusu, vishungi viwili vya manyoya vimesimama kichwani, na michirizi ya manyoya inafuata michirizi ya gome kiasi kwamba unaweza kusimama hatua mbili kutoka alipo usimwone. Bundi wa Sokoke, mmoja wa wadogo kabisa barani Afrika, ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 hivi. Wakiamka usiku, rangi haina kazi tena. Dume akitaka kutangaza mpaka wake, jike akitaka kumjua mwenziwe, njia ni sauti. Basi sura inaweza kubaki karibu ileile kwa muda mrefu sana, huku mlio ukishika njia yake.

Anza na bara. Ukilala kijiji chenye mbuga na miti iliyotawanyika, iwe Tanzania au Kenya, kuna uwezekano mkubwa utamsikia bundi mdogo wa Afrika, Otus senegalensis. Anatoa mkoromo mfupi, "prruup", ananyamaza sekunde kadhaa, kisha anarudia vilevile, na vilevile, hata saa nzima. Wengi hudhani ni chura au mdudu. Sasa vuka bahari uende Pemba. Huko hakuna mkoromo. Bundi wa Pemba, Otus pembaensis, anatoa noti moja tupu, "hu", laini na safi. Pengine anaitoa peke yake na kukuacha ukingoje nyingine, pengine anazipanga kadhaa haraka haraka. Na mara nyingi haimbi peke yake.

Niliwasikia wawili pembeni mwa msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, upande ambako mikarafuu inapakana na miti mikubwa ya asili. Nilikuwa na mzee mmoja mkulima wa eneo hilo. Mmoja aliita kutoka juu ya mkarafuu, na kabla mwangwi haujaisha akajibiwa kutoka ndani ya msitu kwa sauti iliyo juu kidogo.

"Baba, hao ni wawili au ni mmoja anahamahama?" nikamuuliza.

"Wawili, mwanangu. Mtu na mkewe. Huyo mwenye sauti nene ndiye anayeanza. Sikiliza, hawapandiani."

Kweli hawakupandiana. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi, na mzee yule alikuwa akinionyesha kwa kidole kila anayefuata kabla hajalia. Hakuwa na darubini wala kitabu. Alikuwa na masikio yaliyokaa na ndege hao maisha yake yote.

Kwa nini Pemba ipate bundi wake na Unguja isipate? Jibu liko chini ya maji. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara. Wanyama na ndege walipita. Mkondo wa Pemba una kina kinachozidi mita 800, kwa hiyo bahari ilishuka ikapanda tena na Pemba ikabaki kisiwa. Ndiyo sababu kisiwa kidogo kama kile kina ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani: njiwa wake wa kijani, chozi wake (yule ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua), ndege wake mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi huyu. Wanasayansi walimwandika bundi wa Pemba kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Wapemba, bila shaka, walikuwa wakimsikia karne nyingi kabla ya hapo.

Shuka kusini hadi Komoro na mambo yanazidi kuwa wazi. Visiwa vinne, na kati ya kimoja na jirani yake hakuna umbali wa kilomita 100. Kila kimoja kina bundi wake mdogo, na hakuna hata wawili wanaolia sawa. Yule wa Ngazidja anaishi kwenye miteremko ya mlima wa volkano wa Karthala. Alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1958, na mlio wake ni noti fupi zinazorudiwa kwa kasi ileile, dakika baada ya dakika, bila kuchoka. Yule wa Nzwani anavuta mluzi mrefu. Huyu alielezwa kisayansi mwaka 1889, kisha akapotea kwenye kumbukumbu za wataalamu kwa takriban miaka mia moja, hadi alipopatikana tena mwaka 1992. Wa Mwali, aliyepewa jina mwaka 1998 tu, ana sauti kali ya kukwaruza ambayo si mluzi wala mguno. Na wa Mayotte ana msururu wa "hu, hu, hu" nzito, unaokaribia ule wa jamaa yake wa Madagaska.

Ukienda mbali zaidi hadi Shelisheli, bundi wa kisiwa cha Mahé anasikika kama msumeno unaopasua mbao. Jamaa zake wa karibu wako upande wa Asia, siyo Afrika. Yaani hata historia nzima ya safari ya mababu zake imejificha ndani ya ndege mdogo ambaye, pichani, ungemweka kapu moja na wa Pemba.

Hapa wengi hukimbilia kusema kwamba milio hii ni kama lahaja: Kimvita huku, Kipemba kule, Shingazidja kule mbali. Kwa bundi, ulinganisho huo haushiki, na ni muhimu kuelewa kwa nini. Mtoto wa binadamu akizaliwa Mombasa akalelewa Chake Chake atasema Kipemba. Kifaranga wa bundi hajifunzi mlio wake kwa kuwasikiliza wazazi; anazaliwa nao. Umo katika vinasaba vyake kama ulivyo urefu wa mabawa yake. Kwa hiyo bundi wawili wa visiwa viwili wakilia tofauti, hatuzungumzii mazoea yaliyobadilika juzi. Tunazungumzia damu zilizoachana zamani. Na ikiwa jike wa kisiwa kimoja hatambui mwito wa dume wa kisiwa kingine, hata ukiwaleta mti mmoja hawatajenga pamoja. Hapo ndipo "wapo na kwingine" inapovunjika kabisa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unanivutia vilevile: mahali ambapo macho yanatuambia ni ndege tofauti kumbe sauti inasema ni mmoja. Bundi wa Sokoke anatokea katika rangi tatu. Kuna wa kijivu, kuna wa kahawia, kuna wa wekundu wa kutu kabisa. Mtu asiyejua angeapa ni jamii tatu. Lakini wote wana mlio mmoja, noti safi zinazofuatana kwa mwendo sawa, na ndege hawa wenyewe hawababaishwi na rangi. Aligunduliwa mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, na mwaka 1992 akapatikana tena kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, zaidi ya kilomita 200 kusini-magharibi. Kati ya hapo na hapo misitu ya kumfaa imebaki vipande vipande. Waongozaji wa Arabuko humtafuta kwa sikio: wanasimama gizani kwenye udongo mwekundu, wanangoja, na wakishasikia upande ndipo wanaingia vichakani. Heshima yangu kwao ni kubwa. Kazi hiyo haifundishwi na picha.

Nitatoa mifano miwili ya mbali kidogo, kwa sababu inaonyesha sauti inavyoweza kutangulia jina.

Mwezi Machi mwaka 2013, Magnus Robb na Arnoud van den Berg, warekodi wa sauti za ndege, walikuwa kazini usiku katika milima ya Hajar, Oman. Walimwendea bundi mwingine kabisa. Kwenye rekodi wakasikia mlio wasioujua, noti nne za bundi mkubwa zaidi. Wakamfuatilia, na mwaka huohuo akatangazwa kuwa ni jamii mpya, bundi wa Oman. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba analingana na ngozi moja ya makumbusho iliyokusanywa pwani ya Pakistani na kuelezwa mwaka 1878, Strix butleri. Kwa zaidi ya karne jina hilo lilikuwa likitumika kwa bundi wa jangwani aliyejulikana Sinai na kwingineko, ambaye sasa imebidi apewe jina jipya. Mkanganyiko wa miaka zaidi ya 130 ukafumuliwa kwa sababu watu wawili walikuwa na maikrofoni gizani wakasikiliza kwa makini.

Wa pili ni wa Príncipe, kisiwa kidogo katika Ghuba ya Guinea. Wakazi walikuwa wakisimulia habari za bundi wa msitu wa kusini tangu zamani. Taarifa zao zilianza kuandikwa mwaka 1928. Ilichukua hadi mwaka 2016 kumthibitisha na hadi mwaka 2022 kumpa jina. Analia "tuu" fupi, karibu kila sekunde moja, mara nyingi wawili wawili, na eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 15. Jina alilopewa, Otus bikegila, limetoka kwa Ceciliano do Bom Jesus, aitwaye Bikegila, mwenyeji aliyekuwa akikamata kasuku kisha akawa mlinzi wa hifadhi, na ambaye alikuwa amewaeleza watafiti habari za ndege huyo. Hili ni jambo la haki. Nataka nilione likifanyika pia Pemba, Usambara na Ngazidja: mwenye masikio apewe nafasi yake katika kumbukumbu.

Sasa turudi kwa wale ambao kwao mfano wa lahaja unashika. Ndege waimbaji, wakiwemo chozi, hujifunza. Kinda la chozi husikiliza madume wakubwa, linajaribu, linakosea, linarekebisha. Pakiwa na kujifunza pana na kukosea kunakorithishwa, na kundi likitengwa mlimani peke yake mtu angetarajia nyimbo zibadilike haraka kuliko kitu chochote. Milima ya Tao la Mashariki, ule msururu unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa nchini Tanzania, ni mahali pazuri pa kupima jambo hili, kwa sababu misitu ya baridi ya vileleni imezungukwa na nyanda kavu zenye joto. Chozi wa Usambara na Pare hawashuki kwenda kuwatembelea jamaa zao wa Ukaguru. Kuna jamii kadhaa za chozi hawa, madume wa kijani kinachong'aa na mshipi mwekundu kifuani, kuanzia nyanda za juu za Kenya hadi Malawi na Msumbiji, na kwa macho wanakaribiana mno.

Mwaka 2021 kundi la watafiti likiongozwa na Jay McEntee, wakiwemo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Rauri Bowie, lilitoa matokeo ya kurekodi na kulinganisha nyimbo za chozi hao kutoka mlima hadi mlima. Matokeo hayakuwa yale ya kutarajiwa. Baadhi ya makundi yaliyotengana kwa zaidi ya miaka 500,000 bado yanaimba wimbo ulio karibu uleule. Mengine, ambayo hayajaachana kwa muda mrefu kiasi hicho, yanaimba tofauti kabisa. Yaani wimbo haubadiliki kidogo kidogo kila karne. Unakaa, unakaa, unakaa, kisha unaruka.

Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Wimbo ambao ndege hufundishana, bila maandishi, kizazi hadi kizazi, umeshikiliwa kwenye kilele cha mlima wa Tanzania tangu kabla ya binadamu kama sisi kuwepo duniani. Na mengi tuliyokuwa tukiambiwa kuhusu nyimbo za ndege kubadilika upesi yalitokana na tafiti za Ulaya na Marekani Kaskazini, nchi ambazo barafu ilizifunika na kuzifunua, ndege wakahama na kurudi. Milima yetu ilikuwa tulivu kuliko huko. Isingekuwa watu kupanda na vinasa sauti Usambara na Udzungwa, dunia ingeendelea kuamini kanuni iliyotokana na nusu ya ushahidi.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila kipande cha msitu kina sauti yake ya pekee. Ninasema hatuwezi kujua kabla ya kusikiliza, na umbali au sura havitatuambia. Msitu mmoja unaweza kuwa na wimbo wa pekee ulioruka na kuwa mwingine. Wa pili unaweza kuwa umetunza wimbo wa kale ambao jirani ameuacha. Bonde la Kilombero lilikuwa na ndege wawili wadogo wa nyasi, wa jenasi ya Cisticola, waliofahamika kwa wachunguzi wa ndege tangu miaka ya 1980. Walipewa majina rasmi mwaka 2021. Katika jenasi hii ndege karibu wote ni wa kahawia wenye michirizi, na anayetaka kuwatenganisha huanza na sauti. Katika miaka hiyo yote ya kungoja jina, bonde lile lilikuwa likilimwa na kuchungwa.

Kwa bundi kuna tatizo jingine, na siwezi kulipita. Kwetu pwani na hata bara, bundi akilia karibu na nyumba watu wanaona ni uchuro. Wapo wanaomrushia mawe, wapo wanaoukata mti anaokaa. Sitamdharau mtu kwa hofu aliyolelewa nayo; bibi zetu walitufundisha kwa sababu walikuwa na misiba yao. Lakini nawaomba wanaoamini hivyo wafikirie mlio wenyewe. Wapemba wawili walioko juu ya mkarafuu, mume na mke, wanapoitana "hu" na kuitikiwa "hu", habari zao ni za kwao: mimi niko hapa, wewe uko wapi, huu ndio mpaka wetu. Bundi hawa wadogo hula zaidi wadudu. Mkulima wa karafuu hana sababu ya kuwafukuza, na wengi wa Pemba hawawafukuzi, jambo ambalo limewasaidia waendelee kuishi hata kwenye mashamba.

Wageni nao wana lao la kujirekebisha. Siku hizi mtu anafika msituni na simu yenye milio yote, anampigia ndege rekodi ya mwenziwe ili ajitokeze apigwe picha. Watafiti hutumia njia hiyo kupima kama kundi moja linautambua mlio wa kundi jingine, na kwa kipimo hicho ina thamani kubwa. Lakini kumpigia bundi wa Sokoke rekodi kila usiku msimu wa kutaga, kikundi baada ya kikundi, ni kumwambia kila usiku kwamba kuna adui amevamia. Anaacha kuwinda aje kupigana na simu. Waongozaji wanaokataa kufanya hivyo, hata mgeni akinung'unika, wanafanya jambo sahihi.

Ninachokitaka ni hiki. Tathmini ya athari kwa mazingira, popote inapofanywa kwenye msitu wa kisiwa au wa kilele cha mlima, isikubaliwe ikiwa na orodha ya majina ya ndege peke yake. Iambatanishwe na rekodi za mahali hapohapo, za alfajiri na za usiku, zilinganishwe na za misitu jirani kabla ya mtu yeyote kuandika kwamba ndege hao wapo na kwingine. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya trekta moja. Vyuo vyetu vina vijana wa kuifanya, na vijiji vina wazee wa kuwaambia wasimame wapi.

Na wewe usiyengoja tathmini, una simu. Ukiwa Micheweni, Amani, Mufindi au Fomboni ukasikia mlio wa usiku, rekodi dakika mbili bila kusema neno, kisha mwishoni taja kwa sauti yako tarehe, saa, jina la mahali na aina ya miti. Usiusafishe, usiukate. Kuna hazina ya sauti za ndege mtandaoni, xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, inayopokea rekodi kutoka kwa mtu yeyote, na bundi wa visiwa vyetu wana rekodi chache mno humo ukilinganisha na wale wa Ulaya.